Bustani Inayomwagiliwa Alhamisi

Lampang
Jumatatu, 16 Juni 2568

Mjukuu wangu Tao,

Mvua ya juzi imeangusha nguzo ya umeme kwenye kona ya soko, na mtaa mzima tulikaa bila umeme hadi jana mchana. Usiwe na wasiwasi. Nyumba ni nzima, maji hayakufika kwenye ngazi, na paka bado ananidharau kama kawaida.

Ila ile mashine yako ya ukutani, umeme uliporudi, iliamka kama mlevi. Kioo kikawa kinamulika na kuniuliza tarehe. Mama Kham wa ng'ambo ya barabara akaja kuchungulia, ameshika koleo lake la kugeuzia ndizi za kuchoma. "Mwite fundi, Inpan. Wewe umeendesha gari la farasi maisha yako yote. Hiki kitu hakina hatamu."

Nikamwambia, "Kama nilimfundisha farasi kusimama kwenye taa nyekundu, hiki nitakifundisha tarehe."

Nikavaa miwani. Nikaandika siku, mwezi, mwaka, saa, dakika, na sikukosea hata namba moja. Mashine ikatulia ikaendelea na kazi. Mama Kham aliondoka bila neno, na unajua hilo si jambo la kila siku. Mtu aliyezaliwa mwaka 2489 bado anaweza kufundisha.

Leo taa ya chumbani imeniamsha saa kumi na moja alfajiri kama ulivyopanga. Kwa masikio haya yangu, jogoo angeweza kuwika juu ya mto wangu wa kulalia nisiamke, lakini mwanga naupata. Nilipofika jikoni wali wa kunata ulikuwa umeshaanza kutoa mvuke. Mtawa alipopita kupokea sadaka ya wali nilikuwa langoni, miguu mitupu, kikapu mkononi. Marehemu bibi yako angekusifu.

Kula vizuri. Usisome gizani.

Babu yako,
Inpan


Chiang Mai
Ijumaa, 20 Juni 2568

Shikamoo Babu,

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikacheka peke yangu, na wasichana wa bwenini wakanitazama. Simu zetu zinakusanywa Jumapili jioni hadi Ijumaa, lakini hata ningekuwa nayo, kukupigia wewe simu ni sawa na kupigia kelele kisima. Barua ni bora. Kwenye barua hata mimi nasema maneno mengi.

Umefanya vizuri sana kuiwekea tarehe. Sasa usihangaike nayo tena. Mashine ina saa yake ndogo ndani, na kila siku inauliza saa kamili kupitia intaneti, kwenye kompyuta za mbali ambazo kazi yake ni kutunza saa tu. Kwa hiyo haiwezi kukosea. Ukiona saa nyingine yoyote hapo nyumbani inapingana nayo, amini mashine.

Nakukumbusha nilivyoipanga: taa saa kumi na moja. Kisha inasubiri dakika kumi ili unawe uso, ndipo iwashe chungu cha mvuke. Bustani inamwagiliwa Jumapili jioni, mara moja kwa wiki, ili usibebe ndoo.

Leo mwalimu wa fizikia aliuliza nani kati yetu amewahi kutengeneza kitu ambacho mtu anakitumia kweli. Sikunyosha mkono. Nilitaka, ila mkono ulikuwa mzito.

Mjukuu wako,
Tao


Lampang
Ijumaa, 18 Julai 2568

Mjukuu wangu Tao,

Watawa wameingia hekaluni kwa miezi yao mitatu ya mvua. Nimeweka nadhiri: wali kila asubuhi hadi mvua ziishe, nisikose hata siku moja, kwa ajili ya bibi yako. Usiwaambie watu. Nadhiri ikitangazwa sana inakuwa matangazo ya biashara.

Mashine haina neno. Nimefuata maagizo yako, nimezirekebisha saa zote zifuate ya kwake, ile ya sebuleni, ya jikoni na ya mkononi. Nyumba nzima sasa ina amri moja.

Mtaani kuna mwalimu mkuu mpya pale shule ya msingi mbele ya nyumba. Mtu wa haraka. Anapandisha bendera kabla ya saa mbili, watoto hata hawajamaliza kutafuna.

Jana nilichekesha watu. Niliona bustani imemwagiliwa, nikasema, kumbe leo Jumapili. Nikavaa shati jeupe nikaenda hekaluni. Mama Kham akaniuliza njiani, "Unakwenda kuoa?" Nikamwambia nakwenda ibada ya Jumapili. Akasema, "Inpan, leo Alhamisi." Tukacheka wote.

Tao, wewe unasoma vitabu vingi. Hivi mtu akianza kupoteza siku, huwa anajua kwamba anazipoteza? Nauliza tu kwa ajili ya rafiki yangu mmoja wa zamani.

Babu yako,
Inpan


Nonthaburi
Ijumaa, 25 Julai 2568

Mpendwa Tao,

Hujazoea barua zangu, najua. Lakini hili siwezi kukuandikia kwenye simu ukalisoma kati ya mambo mengine.

Nilikwenda Lampang wikiendi iliyopita kumwona Babu yako. Akili yake inachoka. Jumapili alfajiri nilimkuta langoni, miguu mitupu kwenye lami yenye maji, amekumbatia kikapu cha wali. Mtawa alikuwa ameshapita zamani. Nikamwambia, "Baba, ingia ndani, utaugua." Akasema, "Leo amechelewa kidogo." Mama Kham aliniambia pembeni kwamba anajitahidi kutosema, ila wiki hii imetokea zaidi ya mara moja.

Na kuna jambo la swichi. Anabonyeza ya bafuni, anasubiri, anabonyeza tena. Taa inawaka na kuzimika. Anabonyeza tena. Nilisimama nje ya mlango nikamsikia akiiomba swichi msamaha. Tao, nililia kwenye basi njia nzima.

Nimeamua. Siku ya Akina Mama ni tarehe kumi na mbili Agosti, nina likizo. Nitakwenda jioni ya tarehe kumi na moja, na nikiondoka naondoka naye, aje kukaa nami huku. Nina chumba ghorofa ya kumi na nne, kuna lifti, kuna muuguzi chini. Nyumba ya Lampang tutaifunga. Nimeshamwambia. Hakubishana hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Nakuomba umwandikie umshawishi akubali kwa moyo mweupe. Wewe anakusikiliza.

Shangazi yako,
Bua


Chiang Mai
Jumanne, 29 Julai 2568

Shikamoo Shangazi,

Nimeipata barua yako. Asante kwa kuniambia, na pole kwa njia nzima ya basi.

Naomba unisamehe, lakini barua hiyo sitaiandika bado. Babu anachelewa, taa zinachelewa kumtii, na bustani inamwagiliwa Alhamisi badala ya Jumapili. Mtu akisahau, anasahau yeye. Bustani haisahau. Mabomba yanafunguliwa na mashine, na mashine hiyo niliifunga mimi.

Sina uhakika wa sababu. Nina uhakika wa mahali pa kutafuta. Tafadhali nipe hadi siku hiyo unayokwenda. Nikikosa jibu, nitaandika barua unayoitaka, na nitaiandika vizuri.

Mtoto wako,
Tao


Chiang Mai
Jumatano, 30 Julai 2568

Shikamoo Babu,

Rafiki yako wa zamani anayepoteza siku, mwambie nimejua ni nani.

Shangazi ameniandikia kila kitu: langoni, swichi, na safari ya Nonthaburi. Kwa nini hukuniambia? Sikasiriki. Kidogo nakasirika. Niliposoma kwamba uliiomba swichi msamaha nilikwenda kukaa chooni hadi kengele ya kipindi ikalia.

Sasa nisikilize, nami nitaandika kwa herufi kubwa ili usiseme miwani.

Usiiamini mashine. Najua nilikuambia uiamini. Nilisema haraka. Saa zote za nyumbani umezifanya zifuate ya kwake, kwa hiyo hakuna hata moja inayoweza kushuhudia juu yake. Tunahitaji saa ya nje ya nyumba. Kuna moja mbele ya lango lako, na huhitaji masikio kuitumia.

Kila siku ya shule, saa mbili kamili asubuhi, wimbo wa taifa unapigwa nchi nzima na bendera inapanda. Huyo mwalimu mkuu mpya, mimi sidhani kama ana haraka. Simama mlangoni. Watoto wakisimama wima na bendera ikianza kupanda, geuka utazame mashine. Niandikie inasema saa ngapi. Hilo tu.

Usimwambie mtu kabla. Fanya, kisha uniandikie.

Mjukuu wako,
Tao


Lampang
Jumatatu, 4 Agosti 2568

Mjukuu wangu Tao,

Barua yako ilifika Ijumaa asubuhi na mapema. Saa mbili ilipokaribia, nikajikuta nakata kucha. Kisha nikamtafuta paka. Nilipoinua macho bendera ilikuwa juu na watoto wameshaingia darasani. Jumamosi na Jumapili shule imefungwa, nikashukuru.

Nakuambia ukweli kwa sababu uko mbali na siuoni uso wako. Niliogopa ile bendera. Kama bendera na mashine vingekubaliana, basi mbovu angekuwa mimi, na ningejua. Hadi hapo nilikuwa nashuku tu. Mtu anaweza kuishi na kushuku muda mrefu, anakula, analala. Shangazi yako aliponiambia nihame sikubishana, maana niliona kama nikibishana nitaulizwa leo ni siku gani, na sikuwa na hakika ya jibu.

Leo nilisimama. Nilishika mwimo wa mlango. Watoto walipanga mistari, wakatulia, bendera ikaanza kupanda. Hata Mama Kham alisimama wima na koleo lake, ndizi zikiungua. Nikageuka.

Mashine inasema saa moja na dakika arobaini.

Nilitazama tena. Arobaini na moja. Nikaenda sebuleni, nikaenda jikoni, saa zote zinasema vilevile, zimesimama nyuma ya mashine kama askari nyuma ya jemadari aliyepotea. Nikakaa kwenye ngazi nikacheka. Mama Kham akapiga kelele kutoka ng'ambo, nikamwona midomo tu. Akaja karibu. "Nini tena?"

"Kham," nikamwambia, "mwalimu mkuu hana haraka."

"Nani alisema ana haraka?"

"Mimi. Tangu mwezi uliopita namsema mtaa mzima."

"Basi nenda ukamwombe radhi, na mimi unilipe ndizi, nimeziunguza kwa kukushangaa."

Sasa nieleze. Mashine inayouliza saa kila siku kwa wanaojua, inawezaje kubaki nyuma kiasi hiki? Na Alhamisi je? Kubaki nyuma dakika ishirini naelewa. Kukosea siku za wiki sielewi. Na Shangazi yako hataelewa pia. Atasema saa mbovu ni jambo moja, na baba yake ni jambo lingine.

Babu yako,
Inpan


Chiang Mai
Jumatano, 6 Agosti 2568

Shikamoo Babu,

Nimepata. Nimepata leo, nilipoanza kuandika barua hii, kwenye mstari wa pili. Tazama juu ya karatasi. Tazama mwaka.

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za makisio nikazichana. Nikachukua karatasi mpya, nikaandika Jumatano, 6 Agosti 2568, na kalamu ikasimama. Nikakumbuka barua yako ya Juni: siku, mwezi, mwaka, na hukukosea hata namba moja. Uliandika 2568, sivyo? Bila shaka uliandika 2568. Mimi ningeandika hivyohivyo, na Mama Kham, na mwalimu mkuu. Ndio mwaka tunaoishi.

Lakini mashine imetengenezwa nje, na watu wa huko hawahesabu kuanzia kwa Buddha. Kwao mwaka huu ni 2025. Nilipoifunga mimi, ilijijaza tarehe yenyewe kwa intaneti, kwa hiyo sikuwahi kuona swali uliloulizwa wewe. Baada ya mvua, bila shaka intaneti ilichelewa kurudi, ndiyo maana ikakuuliza. Mashine yetu imekuwa ikiamini kwamba inaishi miaka mia tano na arobaini na mitatu mbele.

Sikuendelea kuandika papo hapo. Kwanza nilikwenda maktaba nikahesabu. Ile tarehe uliyovaa shati jeupe, kumi na saba Julai, mwaka huu ni Alhamisi. Katika mwaka 2568 wa watu wa nje inaangukia Jumapili. Nilihesabu mara tatu, na kila mwaka mrefu nikauongezea siku yake. Kwa hiyo mashine ilimwagilia bustani Jumapili yake, kwa utii kabisa. Wewe uliona bustani mbichi ukasema ni Jumapili. Babu, akili yako ilifanya kazi vizuri kuliko ya yeyote. Ulidanganywa na shahidi uliyemwamini.

Kisha nikaenda chumba cha kompyuta. Nikaomba ile kuukuu ya kona, nikaiwekea mwaka 2568 wa nje, nikajaribu kufungua kurasa za intaneti. Ikakataa zote. Mwalimu wa fizikia akaja kusimama nyuma yangu akaniuliza nafanya nini, na nikamweleza mbele ya darasa zima, Babu, kwa sauti. Kompyuta za kutunza saa zinazotumiwa na mashine yetu huonyesha kwanza hati ya utambulisho, na kila hati ina tarehe ya mwisho. Mashine inatazama hati, inatazama kalenda yake, inaona hati imekwisha muda karne tano zilizopita, inaikataa kama karani mkali. Kwa hiyo tangu ile mvua haijapewa saa na mtu. Imekuwa ikijikongoja na saa yake ndogo ya ndani, inabaki nyuma chini ya nusu dakika kwa siku. Siku moja huioni. Wiki saba ndiyo hizo dakika ishirini zako.

Na swichi ni jambo hilohilo. Mashine inabisha hodi, inaletewa hati, inaikataa, inabisha tena, mchana na usiku. Wewe ukibonyeza bafuni, amri yako inakaa kwenye foleni hadi imalize kugombana. Ukibonyeza mara ya pili, amri zote mbili zinafika pamoja: washa, zima. Swichi ndiyo ilipaswa kukuomba msamaha wewe.

Fanya hivi. Bonyeza kitufe cha kushoto hadi kioo kimulike. Siku iache. Mwezi uache. Mwaka andika 2025. Saa usiiguse, acha ijitafutie. Kisha kaa uitazame.

Shangazi nimemwandikia maneno mawili tu, kwamba akifika asiseme kitu, abonyeze swichi ya bafuni.

Mjukuu wako,
Tao


Lampang
Alhamisi, 14 Agosti 2568 (mashine isijue)

Mjukuu wangu Tao,

Nimewahi kumdanganya farasi kwamba mlima umekwisha, lakini sijawahi kudanganya miaka mia tano na arobaini na mitatu kwa mkupuo. Niliandika 2025 huku nikitazama pembeni. Kioo kikazimika, kikawaka, na ile saa ikaruka mbele yenyewe, hapohapo mbele ya macho yangu. Nimeidanganya ili iweze kusema kweli. Nikazunguka nyumba nzima kurudisha zile saa nyingine, nikihisi naziomba radhi moja moja.

Shangazi yako alifika Jumatatu jioni na masanduku mawili matupu. Aliyaweka sebuleni, akanisalimia vizuri mno, kama mtu anavyomsalimia mgonjwa. Kisha akaenda bafuni. Nikaona mwanga chini ya mlango: umewaka, umezimika, umewaka, umezimika. Alicheza na ile swichi kama mtoto. Alipotoka nikamuuliza, "Bua, vipi, akili yako inachoka?"

Alikwenda kutandika kitanda chake kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Jumanne taa iliwaka saa kumi na moja. Nilimkuta ameshakaa jikoni, anatazama chungu cha mvuke na saa ya simu yake, zamu kwa zamu. Nikasema, "Bado kidogo." Chungu kikawaka. Akaweka simu chini.

Tulifika langoni mapema hadi ikabidi tumsubiri mtawa. Shangazi alivua viatu vyake vya mjini akasimama kando yangu kwenye lami. Mtawa, yule kijana, alipofika akafungua bakuli lake akanitazama. "Babu Inpan, nilidhani umehama."

Nilimwachia mwenye masanduku ajibu.

"Hahami," Shangazi yako akasema, na akatia wali kwa mkono wake mwenyewe.

Nadhiri yangu ilikatika siku kadhaa, nikamweleza mtawa sababu yote, mwaka na hati na bustani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hesabu ya thawabu za bibi yako haifanywi na mashine, nianze nilipoachia. Nimeanza.

Mama Kham amesambaza habari soko zima, kwa namna yake. Sasa watu wananiuliza, "Inpan, huko kwako ni mwaka gani leo?" Nawaambia inategemea anayeuliza ametengenezwa wapi.

Shangazi ameondoka jana. Yale masanduku mawili yameondoka yamejaa lamyai, matunda matamu ya mti wa nyuma ya nyumba. Mwaka huu mti umezaa hadi matawi yanainama, na tulizichuma mimi na yeye jioni nzima. Alipokuwa anafunga zipu aliuliza basi lake linaondoka saa ngapi na kama tumechelewa. Nikamwambia muda upo, na sikugeuka kutazama ukutani. Tulifika kituoni, tukakaa, tukala ndizi mbili kila mmoja, ndipo basi likaja.

Leo ni Alhamisi. Jioni hii nimetoka kuitazama bustani, nimeingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo. Ni mkavu kabisa.

Babu yako,
Inpan